Ukurasa Uliofunguliwa Mahali Pasipo Pake: Historia ya Kuitambua Saratani ya Umio

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na mwalimu wenu amekwisha kuwagawia karatasi hii. Yeyote ambaye bado husoma polepole asione haya. Asikilize kwanza, kisha karatasi aende nayo nyumbani akaisome tena kwa nafasi yake. Somo la leo lina maneno mapya machache tu, na kila moja nitalieleza.

Kwanza, kila mmoja wenu ameze mate. Je, yamepita wapi? Weka kidole chini ya koo, pale penye shimo dogo juu ya kifua. Ndani, nyuma ya bomba la pumzi, lipo bomba jingine laini. Hushuka kifuani, hupita nyuma ya moyo, kisha huingia tumboni. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 25, yaani hukaribia urefu wa rula ya shule. Bomba hilo huitwa umio.

Umio ni mpole mno. Hutanuka kama soksi, na kwa sababu hiyo uvimbe unaweza kuota ndani yake kwa muda mrefu pasipo mwenyewe kujua. Siku moja mtu huona kwamba nyama haishuki bila kusukumwa na maji. Baada ya majuma kadhaa ugali nao hukwama. Kisha hubaki na uji, na mwisho hata maji hurudi. Mara nyingi wakati huo wote huwa anameza dawa za vidonda vya tumbo, au jamaa zake wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Anapofika hospitali, maradhi yamekwisha kutoka katika umio na kuingia mahali pengine. Basi chakula kikianza kukwama, usikae nyumbani ukingoja hali hiyo ipite. Nenda ukaonwe.

Saratani ya umio huua kwa sababu haipigi kelele. Leo tutasoma historia ya watu waliojaribu kuisikia kabla haijafika hapo.

Historia hiyo naianzia London mwaka 1950. Alikuwako huko daktari wa upasuaji, Norman Barrett, mzaliwa wa Adelaide katika Australia, aliyefanya kazi katika hospitali ya St Thomas'. Barrett aliandika makala juu ya wagonjwa waliokuwa na vidonda katika sehemu ya chini ya umio. Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana jambo hili tutalirudia. Kwa kawaida ndani ya umio mna ngozi nyororo ya rangi ya kupauka, yenye tabaka nyingi za chembe bapa zilizolaliana kama vigae vya paa. (Chembe ni vile vitu vidogo sana vyenye uhai ambavyo miili yetu imejengwa kwavyo, na huonekana kwa darubini tu.) Lakini kwa wagonjwa wale sehemu ya chini ilikuwa nyekundu kama mahameli, na chembe zake zilisimama wima kama nguzo, mfano wa zile za tumboni.

Barrett akaamua hivi: hili si umio hata kidogo. Huyu mtu alizaliwa na umio mfupi, na kipande cha tumbo kimevutwa juu mpaka kifuani. Lilikuwa wazo lenye mantiki, lakini halikuwa kweli. Mwaka 1953 madaktari wawili, Allison na Johnstone, walionyesha kwamba kwa nje bomba lile lilikuwa umio kamili. Lililobadilika ni utando wa ndani tu. Barrett alibishana kwa muda, na mwaka 1957 akakubali. Cha ajabu ni kwamba hali ile ingali ikiitwa kwa jina lake mpaka leo, yeye aliyeieleza kombo. Mimi binafsi namheshimu zaidi kwa mwaka ule wa 1957 kuliko kwa ule wa 1950.

Hali hiyo hutokana na asidi ya tumboni kupanda juu kwa miaka mingi, yaani kile kiungulia tunachokijua. Wengi wenye utando wa Barrett hawapati saratani kamwe. Wachache hupata, na saratani yao nitaiita ya aina ya tezi, kwa kuwa chembe zake hufanana na zile za tezi zitoazo ute. Ndiyo aina iliyo nyingi Uingereza na Marekani.

Lakini kuna aina ya pili, ambayo huanza katika zile chembe bapa zenyewe. Hii ndiyo inayowapata watu zaidi ya 8 katika kila 10 wenye saratani ya umio duniani, na ndiyo ya kwetu Afrika ya Mashariki. Tuiite saratani ya chembe bapa. Ili kuifuata, tuiache London twende China.

Katika jimbo la Henan, chini ya milima ya Taihang, ilikuwapo wilaya ya Linxian. Kwa vizazi vingi wenyeji waliyajua maradhi ya kushindwa kumeza, na karibu kila ukoo ulikuwa umezika mtu kwa ajili yake. Mwaka 1959 madaktari walianza kwenda huko kufanya uchunguzi. Mmoja wao alikuwa Shen Qiong, mtaalamu wa kusoma chembe kwa darubini. Alitengeneza puto dogo lililovikwa wavu, lenye mrija mwembamba. Mtu alilimeza likiwa limesinyaa. Lilipofika chini lilijazwa hewa, kisha likavutwa juu polepole, na ule wavu ukakwangua chembe za umio njia nzima. Chembe zikapakwa juu ya kioo na kutazamwa.

Kumeza puto si raha. Hata hivyo maelfu ya wakulima walikubali, na kati yao walipatikana watu wenye saratani ambao walikuwa hawajalalamikia lolote. Wengi waliopasuliwa mapema hivyo waliishi miaka mingi. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba maradhi haya yana mwanzo ambao unaweza kukamatwa.

Nisiondoke Linxian kabla sijawaambia habari ya kuku. Katika miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba hata kuku wa wilaya hiyo walipatwa na saratani ya koo na umio. Kuku hanywi pombe wala havuti tumbaku, bali hula makombo ya chakula cha bwana wake. Kwa hiyo watu walianza kuangalia kwa makini vyakula, maji na hali ya maisha ya pale.

Huku kwetu nako kulikuwa na watu waliokuwa wakihesabu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, anajulikana kwa safari yake ya gari ya mwaka 1961, alipozunguka hospitali nyingi kutafuta uvimbe wa mataya ya watoto. Baadaye yeye na wenzake walikusanya kutoka hospitali za Afrika hesabu za saratani za kila namna. Mwaka 1971 Paula Cook alichapisha hesabu za saratani ya umio katika Afrika. Zilionyesha jambo la kushangaza: magharibi ya Kenya ilikuwa nyingi, na huko Uganda zilikuwako hospitali zilizoiona kwa nadra tu. Cook alishuku pombe zinazopikwa kwa mahindi. Leo twajua kwamba kuna ukanda mrefu wa maradhi haya, unaoteremka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, mpaka Afrika ya Kusini. Katika baadhi ya sehemu zake hupatwa hata vijana ambao hawajafika miaka 30.

Pombe na tumbaku zimo katika sababu, lakini hazitoshi kueleza yote. Chai nayo imeshukiwa. Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro wakati wanapoanza kuinywa, wakakuta kwamba kwa wastani ilikuwa na nyuzi 70 na kitu za joto. Mwaka uliofuata shirika la kimataifa linalochunguza saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Najua kuna bibi mmoja mahali fulani ananinunia sasa hivi. Bibi, sikusema uache chai. Nasema uingoje kidogo.

Sasa tugeuke tuingie ndani ya chembe. Barrett na Shen wote wawili walitazama sura: chembe hii ni bapa, ile ni nguzo, nyingine imeharibika. Lakini sura hubadilika baada ya mambo ya ndani kubadilika. Aliyetaka kuwahi zaidi ilimpasa ajue chembe inafanya nini kabla sura yake haijaonyesha.

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakiwa Cambridge, walieleza umbo la DNA, wakisaidiwa sana na picha zilizopigwa London katika maabara ya Rosalind Franklin. DNA ni uzi mrefu uliomo katika kila chembe, na juu yake mmeandikwa maagizo ya mwili kwa herufi nne tu. Ninyi mlipoanza darasa hili mlijifunza herufi zaidi ya 20, basi msijione mmebebeshwa kidogo. Ufikirie uzi huo kuwa kitabu, na kila ukurasa una agizo moja. Ukurasa mmoja ndio uitwao jeni. Binadamu ana kurasa za namna hiyo kama 20,000.

Hapo labda mzee mmoja darasani atauliza: kama kila chembe ina kitabu kile kile kizima, mbona chembe ya jicho si sawa na chembe ya ini? Swali hilo liliwasumbua wataalamu wenyewe. Jibu lilipatikana hasa mwaka 1961. Huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walionyesha kwamba jeni zina njia ya kufunguliwa na kufungwa. Na mwaka huo huo Sydney Brenner, pamoja na Jacob na Matthew Meselson, walionyesha jinsi agizo linavyochukuliwa kutoka katika kitabu.

Brenner huyo nataka mmjue. Alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Germiston, Afrika ya Kusini. Baba yake alikuwa fundi viatu, mhamiaji kutoka Ulaya, na hakujua kusoma wala kuandika. Nyumbani mwao magazeti yalitandikwa mezani badala ya kitambaa, na mama mmoja jirani akamfundisha mtoto kusoma kwa magazeti hayo. Mtoto yule ndiye aliyekuja kueleza jinsi chembe inavyosoma.

Nayo husoma hivi. Fikirini ofisi kuu ya wilaya. Kitabu cha maagizo hakitoki ofisini. Panapotakiwa kazi, karani hunakili ukurasa mmoja juu ya karatasi. Tarishi huichukua karatasi hiyo mpaka karakana, na fundi aliyeko huko huisoma na kutengeneza kitu kilichoagizwa. Kitu hicho huitwa protini. Baada ya muda karatasi huchanwa. Katika chembe, karatasi na tarishi ni kitu kimoja, na wataalamu hukiita RNA tarishi.

Kwa hiyo chembe ya jicho na chembe ya ini hazitofautiani kwa kitabu. Zinatofautiana kwa kurasa zinazosomwa. Jeni ambayo ukurasa wake umefunguliwa na barua zake zinapelekwa, tutasema jeni hiyo inasema. Ile iliyofungwa, tutasema imenyamaza. Ukizihesabu barua zilizomo njiani, au ukivitazama vitu vilivyotengenezwa karakana, utajua chembe inafanya kazi gani leo, hata kama uso wake haujabadilika.

Turudi sasa kwa Barrett. Kumbukeni alivyoona utando wa kigeni ndani ya umio, akasema kiungo kizima kimehama. Hakuna kiungo kilichohama. Chembe za mahali pale, baada ya kuunguzwa na asidi miaka nenda miaka rudi, zimefungua kurasa ambazo umio haupaswi kuzifungua. Mojawapo ni jeni iitwayo TFF3. Jeni hiyo husema katika matumbo, ambako kazi yake ni kusaidia kulinda utando. Katika umio wenye afya hunyamaza. Ikisikika humo, ukurasa wa matumbo umefunguliwa mahali pasipo pake.

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia rahisi ya kuzisikiliza jeni nyingi kwa pamoja. Mwaka 1995 Patrick Brown na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha njia ya kutia vitone vya DNA vya jeni nyingi juu ya kioo kimoja, ili barua za chembe zikimwagwa juu yake kila moja inase mahali pake na kung'aa. Baadaye zikaja mashine zinazosoma barua zenyewe herufi kwa herufi. Mambo ya mashine siyaelezi zaidi, kwa maana hubadilika kila mara. Muhimu ni yale yaliyoonekana.

Mwaka 2017 kundi kubwa la watafiti lilichapisha uchunguzi wa uvimbe 164 wa umio kutoka nchi mbalimbali. Walisoma DNA, wakasoma barua za RNA, wakasoma pia alama zinazofunga na kufungua kurasa. Walikuta kwamba saratani ya aina ya tezi inafanana mno na saratani fulani ya tumbo. Ile ya chembe bapa inafanana zaidi na saratani za chembe bapa za mapafu, kinywa na koo kuliko inavyofanana na mwenzake aliye katika bomba lile lile. Yaani ni magonjwa mawili yanayokaa nyumba moja. Kwa muda mrefu wagonjwa wa aina zote mbili walikuwa wakitiwa katika majaribio yale yale ya dawa, na matokeo yao yakahesabiwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Nadhani hilo lilipoteza muda mwingi.

Sasa tazameni jinsi elimu hii ilivyoingia kazini. Huko Cambridge, Daktari Rebecca Fitzgerald na wenzake walitengeneza kidonge kilichofungwa uzi. Mtu hukimeza kwa maji, na uzi hubaki nje ya kinywa. Baada ya dakika chache ganda la kidonge huyeyuka tumboni, na sponji iliyokuwa imebanwa ndani hutanuka. Muuguzi huivuta kwa uzi, nayo hutoka na chembe za umio. Bila shaka mmekwisha kukumbuka puto la Shen Qiong, na ni sawa kulikumbuka. Tofauti ni kinachofanywa baadaye. Chembe hazitazamwi sura peke yake, bali hutiwa rangi inayoshika protini ya TFF3 tu. Rangi ikishika, ukurasa wa matumbo umefunguliwa, na mtu huyo hupelekwa akatazamwe kwa mrija wenye kamera.

Jaribio kubwa la sponji hiyo lilichapishwa mwaka 2020. Watu zaidi ya 13,000 nchini Uingereza waliokuwa wakitumia dawa za kiungulia waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililopewa nafasi ya kumeza sponji, watu 140 waligunduliwa kuwa na utando wa Barrett. Katika kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida waligunduliwa 13 tu. Swali moja, kuhusu jeni moja, limewafichua watu mara kumi zaidi.

Kwa upande wa dawa, usemaji wa jeni umeanza kuongoza pia. Kuna jeni iitwayo HER2, ambayo hutengeneza kitu kama sikio juu ya ngozi ya chembe, la kusikia amri ya kukua. Katika baadhi ya saratani za aina ya tezi jeni hii hupiga kelele, na chembe huota masikio mengi mno. Dawa ya trastuzumabu, iliyotumika kwanza kwa saratani ya matiti, huyaziba masikio hayo. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio lake kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo na ya pale umio unapokutana na tumbo, ambao HER2 yao ilikuwa ikisema kwa nguvu. Waliopewa dawa za kawaida pamoja na trastuzumabu, nusu yao waliishi kupita miezi 13.8. Waliopewa dawa za kawaida peke yake, nusu yao waliishi kupita miezi 11.1.

Mtu anaweza kucheka na kusema, miezi miwili na kitu ni nini? Ni kidogo, sikatai. Lakini mgonjwa ambaye HER2 yake imenyamaza hapati kitu kutoka kwa dawa hiyo isipokuwa gharama na madhara. Kujua nani apewe na nani asipewe ni sehemu ya tiba.

Jeni ya pili ni ile ya PD-L1. Askari wa mwili, yaani chembe za damu zinazotulinda, wana kitu kama breki iitwayo PD-1, iliyogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto, Japani, wakaitangaza mwaka 1992. Kwa kazi iliyofuata, Honjo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani. Chembe ya saratani inayoisemesha jeni ya PD-L1 huikanyaga breki hiyo, na askari husimama tu. Dawa ya pembrolizumabu huuondoa mguu wa saratani juu ya breki. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 749 wa saratani ya umio. Wale wa aina ya chembe bapa ambao PD-L1 yao ilikuwa juu, wakapewa dawa hiyo pamoja na dawa za kawaida, nusu yao waliishi kupita miezi 13.9. Wenzao waliokosa dawa hiyo, nusu yao waliishi kupita miezi 8.8. Hii ni aina yetu, kwa hiyo ni habari njema. Ila dawa hiyo ni ghali mno, na kabla ya kuitoa ni lazima kipande cha uvimbe kipimwe katika maabara inayoweza kuisoma PD-L1.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Ile sponji ya Cambridge pamoja na rangi ya TFF3, je, ikiletwa Bomet au Moshi itatusaidia?

Fikirini wenyewe kabla hamjaendelea kusoma. TFF3 ni ukurasa wa matumbo. Katika maradhi ya Barrett chembe hugeuza tabia na kuufungua. Lakini katika saratani ya chembe bapa chembe hazigeuki kuwa za matumbo. Hubaki na asili ya umio, ila jeni zinazoamuru ukuaji hupandisha sauti kupita kiasi, na zile zinazozuia hunyamazishwa au huharibiwa. TFF3 huweza kunyamaza kimya hali maradhi yapo. Rangi haitashika, na mtu ataambiwa hana kitu, ilhali anacho. Sponji yenyewe ni nzuri na inaweza kukwangua chembe za mtu yeyote. Kinachotakiwa ni swali jingine la kuziuliza chembe hizo, na swali hilo litatoka katika uchunguzi wa wagonjwa wa huku.

Kazi hiyo imeanza. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa uvimbe 59 kutoka Malawi, ambao DNA na RNA zake zilisomwa. Mwaka 2021 ukaja mwingine, mkubwa zaidi, uliosoma DNA ya uvimbe 552 wa chembe bapa kutoka nchi nane, zikiwamo Kenya, Tanzania na Malawi. Watafiti walitumaini kwamba nchi zenye maradhi mengi zingekuwa na alama yake ya pekee ndani ya DNA, kama nyayo za mwizi, ili mkosaji ajulikane. Nyayo hizo hazikuonekana. Uvimbe wa nchi zenye maradhi mengi ulifanana sana na ule wa nchi zenye machache. Hilo limewarudisha watafiti kwenye swali gumu zaidi: labda kinacholeta maradhi haya kwetu hakiandiki herufi mpya katika kitabu, bali hufungua na kufunga kurasa, au huzipa nafasi ya kuzaliana chembe zilizokwisha kuharibika. Ikiwa ndivyo, kusoma barua za RNA kutatufaa zaidi kuliko kusoma kitabu peke yake.

Na wakati tukingoja, ipo chupa ya aidini. Maji ya aidini yaliyochanganywa na Mfaransa Jean Lugol mwaka 1829 yangali yanatumika. Chembe bapa zenye afya huweka sukari ya akiba, na zikinyunyiziwa aidini hugeuka rangi ya kahawia. Zile zilizoanza kuharibika haziweki tena akiba hiyo, kwa hiyo hubaki zimepauka. Daktari akipitisha mrija wenye kamera huona doa jeupe katikati ya kahawia. Ukitafakari utaona kwamba hata hiyo ni namna ya kusoma ukurasa uliofungwa, tena kwa bei ya aidini.

China waliifanya njia hiyo kuwa kazi ya vijijini. Katika wilaya ya Cixian watu wengi walitazamwa kwa mrija na aidini, na waliokutwa na mwanzo wa maradhi walitibiwa. Baada ya miaka 10, katika vijiji vilivyotazamwa walikuwa wamekufa kwa saratani ya umio watu 3 na kitu katika kila 100. Katika vijiji vingine walikuwa wamekufa 5.

Huko Bomet, katika hospitali ya Tenwek, Daktari Michael Mwachiro na wenzake waliwatazama kwa njia hiyo watu 305 ambao hawakuwa na shida yoyote ya kumeza. Habari yao ilichapishwa mwaka 2016. Kati ya watu hao wazima, waliokuja kwa miguu yao na kumeza mate yao kama ninyi mlivyomeza mwanzoni mwa somo, 14 katika kila 100 walikutwa na chembe zilizokwisha kuanza kuharibika. Si wote watakaopata saratani. Nani kati yao atapata na nani hatapata, aidini haisemi. Huenda barua zilizomo ndani ya chembe zao zinasema, na ndizo zinazotafutiwa msomaji.

Kabla hamjatawanyika, mwalimu awaandikie ubaoni maneno haya matatu: umio, jeni, tarishi. Kila mtu ayanakili katika daftari lake, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe sentensi moja inayoeleza kwa nini rangi ya TFF3 inaweza kumkosa mgonjwa wa Bomet. Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma habari za aidini katika chumvi.